Kutoka pipa hadi tangi la koili: mwongozo kamili wa kuboresha maji moto ya jiko la kuni

Jiko la chuma la kuni lenye boila (kisanduku cha chuma cha kupashia maji) mgongoni linapika, na moto huohuo unapasha maji ya kuoga. Kwenye nyanda za baridi kama Njombe, Makete, Mufindi, Limuru au Molo, hayo maji ya kuoga ndiyo yanayofanya watu waendelee kulitunza. Mara nyingi boila imeunganishwa moja kwa moja na pipa la lita 200. Maji yanatoka ya kahawia, na pipa lenyewe huliwa na kutu mpaka linatoboka.

Kasheshe huanza siku ya kuboresha. Tangi jipya linanunuliwa, fundi bomba analifunga kama anavyofunga hita ya umeme, kisha kuni zinaisha na maji bado vuguvugu. Au yanachemka, mabomba yanagonga, na watu wanakimbilia nje. Makosa ni yaleyale kila nyumba: bomba limelazwa, koki imewekwa pasipotakiwa koki, na bomba la plastiki limepelekwa kwenye joto lisiloliweza.

## Mambo mawili yanayoamua kila kitu

Kwanza, hakuna kinachosukuma maji isipokuwa tofauti ya uzito. Maji ya nyuzi 70 yana uzito wa kilo 978 kwa mita ya ujazo. Ya nyuzi 45 yana kilo 990. Tangi likiwa mita 1.5 juu ya boila, tofauti hiyo inatoa msukumo usiofika hata sentimeta 2 za maji. Hewa kidogo ikikwama kwenye kona, mzunguko umekwisha.

Pili, moto wa kuni hauna swichi. Hita ya umeme hujikata yenyewe, lakini magogo yaliyokwisha kushika moto yataendelea kutoa joto hata ukifunga tundu la hewa la jiko. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo mvuke huja mapema kuliko anavyotegemea fundi aliyezoea kazi za pwani. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Mvuke huo lazima uwe na njia iliyo wazi saa zote, hata mkiwa mmelala.

Fundi akikuambia atamaliza shida kwa kuongeza pampu, muulize umeme ukikatika huku jiko linawaka itakuwaje.

## Mfumo tunaoujenga

Pipa la zamani hupitisha maji ya kuoga ndani ya boila. Kila unapochota, maji mapya yenye oksijeni yanaingia, na oksijeni inakula chuma. Rangi ya kahawia inatoka hapo.

Tangi la koili, yaani tangi lenye bomba lililozungushwa ndani yake, hutenganisha maji hayo. Maji ya boila yanapanda, yanapita ndani ya koili na kurudi, yaleyale mwaka mzima. Oksijeni yake ikishaisha, kutu karibu inasimama. Maji ya kuoga yanakaa nje ya koili na kupokea joto tu.

Kwa hiyo kuna saketi mbili zisizochanganyika. Saketi ya jiko ina tangi lake dogo la kujazia na bomba lake la hewa. Saketi ya bafu ina tangi la juu la maji baridi na bomba lake la hewa. Hakuna hata moja inayounganishwa moja kwa moja na bomba la mamlaka ya maji. Maji ya mtaani yanaingia kwenye matangi kupitia boya (valvu inayojifunga maji yakifika usawa wake), yanaishia hapo.

## Vifaa

Orodha hii inatosha boila ya kilowati 2 hivi na tangi la lita 150, umbali wa mlalo kati ya jiko na tangi ukiwa mita 2.5 au pungufu.

- Tangi la kusimama la lita 150, koili yake ikiwa na kipenyo cha inchi 1, pamoja na fimbo ya magnesi ya kuzuia kutu
- Mabomba ya GI (chuma kilichopakwa zinki) ya inchi 1, daraja B (mstari wa bluu), ya mita 6: mawili
- Mabomba ya GI ya robo tatu ya inchi, ya mita 6: mawili, kwa hewa na kwa mita ya kwanza kutoka kwenye tangi
- Bomba la GI la nusu inchi, la mita 6: moja, kwa kujazia saketi ya jiko
- Elbo za inchi 1 za nyuzi 45: nane
- Tii za inchi 1: nne, na rediusa zake
- Yunioni za inchi 1: nne, mbili kwenye boila na mbili kwenye koili
- Valvu ya usalama ya bar 3: moja
- Koki za kumwagia maji zenye mdomo wa kuvalisha mpira: mbili
- Tangi dogo la chuma la lita 30 hadi 40, lenye boya la shaba
- Simtanki ya lita 500 kwa maji baridi, kama huna tayari
- Mabomba ya PPR (plastiki ngumu) ya daraja la presha PN20, kwa upande wa bafu peke yake
- Valvu ya kuchanganya maji moto na baridi inayofanya kazi kwenye presha ndogo: moja
- Katani na dawa ya kupaka kwenye nyuzi za bomba
- Vipimajoto vya kufunga juu ya bomba: viwili
- Sufi ya kioo ya kutunza joto, ya unene wa milimita 50, na karatasi ya alumini ya kuifunika

Kwa kazi yenyewe unahitaji spana za bomba mbili, pima maji, futi kamba, mpira wa maji na brashi ya waya. Nyuzi za bomba zichongwe dukani au kwa fundi mwenye mashine. Nyuzi zilizochongwa vibaya hazizibwi na katani ya aina yoyote.

Katika ununuzi, jihadhari na vitu vitatu. Matangi mengine ya sola yana koili nyembamba ya nusu inchi iliyotengenezwa kwa ajili ya pampu. Maji yanayojizungusha yenyewe hayapiti humo vya kutosha. Tangi dogo la plastiki nyepesi hulainika likipokea maji yanayochemka. Na usichanganye bomba la shaba nyekundu na GI kwenye upande wa bafu, kwa sababu shaba huharakisha kuliwa kwa zinki kila maji mapya yanapopita.

Ukiweza kununua shaba ya milimita 28 kwa saketi nzima ya jiko, ni bora kuliko GI. Ni bei tu inayowazuia wengi.

## Hatua ya 1: Pima nguvu ya boila kabla ya kununua tangi

Watu hununua tangi kwa kuhesabu watu wa nyumbani. Anza na jiko. Tumia pipa lako la zamani, kabla hujaling'oa.

Jaza pipa, pima joto la maji, washa jiko kama unavyowasha siku ya kawaida, kisha baada ya saa 2 koroga maji na upime tena bila mtu kuchota. Zidisha lita kwa nyuzi zilizoongezeka, gawanya kwa 860, kisha gawanya kwa idadi ya saa. Jibu ni kilowati.

Mfano: lita 200 zimetoka nyuzi 16 hadi 33 kwa saa 2. Mara 17 ni 3,400. Gawanya kwa 860 upate karibu 4. Gawanya kwa 2. Boila yako inaingiza kilowati 2 ndani ya maji.

Sasa geuza hesabu. Lita 150 kutoka nyuzi 16 hadi 60 zinahitaji kilowati-saa 7.7, yaani karibu saa 4 za moto wa kilowati 2. Hiyo ni sawa kwa jiko linalowaka asubuhi na jioni. Tangi la lita 300 kwenye jiko hilohilo lingetaka karibu saa 8, na familia ingeoga maji vuguvugu kila siku huku ikilaumu fundi. Kinyume chake, boila ya kilowati 5 kwenye tangi la lita 100 huifikia nyuzi 60 kwa saa moja tu, na baada ya hapo ni kuchemka. Kadiria lita 60 hadi 75 kwa kila kilowati.

## Hatua ya 2: Kagua boila

Jiko likiwa limepoa kabisa, mwaga maji yote. Kwangua masizi kwenye uso wa boila unaotazama moto, kisha suuza ndani kwa mpira mpaka maji yatoke meupe. Gonga taratibu kwa nyundo ndogo: sauti kavu na ya wazi ni nzuri; sauti ya kufa ina maana chuma kimekuwa chembamba au tope la kutu limeganda humo.

Kujaribu kama inavuja, ziba tundu moja, funga mpira kwenye jingine, inua mwisho wa mpira mita 3 juu na uujaze maji. Acha saa nzima. Maji yakishuka kwenye mpira au kiungo kikitoa jasho, boila ibadilishwe au ichomelewe upya na fundi anayejua chuma cha presha. Gundi za kuziba hazidumu mbele ya moto.

## Hatua ya 3: Ng'oa pipa

Katika siku za kazi hii pikeni kwa mkaa au gesi. Jiko lisiwashwe boila ikiwa tupu, hata kwa chai. Chuma kinapata joto bila maji ya kulibeba, kinapinda au kupasuka. Mtu akikumbuka na kumimina maji baridi ndani ya boila kavu yenye moto, yanageuka mvuke papo hapo.

Usitumie tena viungo vya zamani vya saketi ya jiko. Ndani mara nyingi vimebakiza nafasi ndogo kuliko penseli.

## Hatua ya 4: Weka tangi mahali pake

Kitako cha tangi kiwe juu ya tundu la juu la boila. Kadiri linavyokuwa juu na karibu na jiko, ndivyo mzunguko unavyokuwa na nguvu. Umbali wa mlalo usizidi mita 3.

Tangi la lita 150 likijaa lina uzito wa kilo 190 hivi. Mbao za dari hazijatengenezwa kubeba mzigo huo sehemu moja. Jenga kizimba cha tofali, au pitisha boriti mbili nzito kutoka ukuta hadi ukuta. Likae wima, kwa sababu tangi lililolazwa huchanganya maji moto na baridi mapema.

Acha nafasi juu ya tangi ya kuchomolea fimbo ya magnesi. Wengi hukumbuka hilo wakati fimbo imegota kwenye bati.

## Hatua ya 5: Saketi ya jiko

Hii ndiyo sehemu inayoharibiwa kuliko zote, na huwezi kuirekebisha baadaye bila kubomoa. Ichukulie siku nzima.

Bomba la kupanda linatoka tundu la juu la boila na kuingia tundu la juu la koili. Bomba la kurudi linatoka tundu la chini la koili na kuingia tundu la chini la boila. Yote mawili ni ya inchi 1 kutoka mwanzo hadi mwisho. Usipunguze popote, hata kwa sentimeta kumi za kupenya ukutani.

Bomba la kupanda lipande kila mahali, angalau sentimeta 8 kwa kila mita ya mlalo. Bomba la kurudi literemke hivyohivyo kuelekea jiko. Pima maji peke yake haitoshi, maana kiputo chake kinaonyesha kipande kifupi tu. Vuta kamba kutoka boila hadi tangi, tia alama ukutani kila nusu mita, ndipo ufunge vishikizo vya bomba. Weka kishikizo kila mita 1.2 ili bomba lisilegee katikati. Bomba likilegea mpaka mteremko upotee, hapo hewa itakaa.

Kona zipigwe kwa elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya nyuzi 90. Msukumo wa sentimeta 2 hauna nguvu za kupoteza kwenye kona kali.

Usiweke koki, geti valvu wala valvu ya kuzuia kurudi popote kwenye duara hili. Utashawishiwa, kwa sababu koki ingerahisisha matengenezo. Lakini kuna siku mtu ataifunga akidhani ni ya bafu. Yunioni nne zinakutosha kufungua mabomba ukimwaga maji kwanza.

PPR haina kazi hapa. Ile ya PN20 imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 kwa miaka mingi, na 95 kwa muda mfupi tu. Karibu na boila ya kuni joto halimsikilizi mtu. Bomba linalegea, mteremko unapotea, kisha kiungo kinaachia.

Kwenye viungo tumia katani na dawa yake. Tredi tepu inavumilia joto, ila ukirudisha kiungo nyuma robo mzunguko ili elbo ikae sawa, inavuja. Katani husamehe.

Sasa tii zako nne. Ya kwanza ni karibu na boila kwenye bomba la kupanda, kwa valvu ya usalama. Mdomo wake upelekwe kwa bomba la chuma hadi nje, ukitazama chini, mahali watoto hawachezi. Ya pili iko kwenye kilele cha bomba la kupanda, kwa bomba la hewa. Ya tatu ni kwenye bomba la kurudi karibu na boila, ambapo maji ya kujazia yanaingia. Ya nne ni sehemu ya chini kabisa, kwa koki ya kumwagia. Koki hiyo ni tawi, haikatizi duara.

Ukifaulu: ukitupa macho kutoka boila hadi kilele huoni mahali bomba linapolala au kushuka, na kamba iliyovutwa chini yake inaonyesha mwinuko huohuo toka mwanzo hadi mwisho.

## Hatua ya 6: Tangi dogo na bomba la hewa

Tangi dogo lifungwe juu kuliko kilele cha saketi ya jiko, ila usawa wa maji yake uwe chini kuliko usawa wa maji kwenye simtanki ya bafu. Mpangilio huu una faida: koili ikitoboka miaka ijayo, maji safi ya bafu ndiyo yatakayosukumwa kuingia kwenye saketi ya jiko, na tangi dogo litafurika likupe taarifa. Ukigeuza, maji meusi ya boila yataingia kwenye maji ya kuoga na hutajua mapema.

Bomba la kujazia ni la nusu inchi, kutoka kitako cha tangi dogo hadi tii ya tatu. Bomba la hewa ni la robo tatu, lisipungue, linapanda moja kwa moja kutoka tii ya pili na kupinda juu ya tangi dogo likitazama ndani. Mdomo wake usiguse maji.

Urefu wake juu ya usawa wa maji ni sentimeta 15, ukiongeza sentimeta 4 kwa kila mita kutoka sehemu ya chini ya saketi hadi usawa huo. Kama boila iko mita 3.5 chini, unapata 15 na 14, yaani 29, weka 30. Likiwa fupi zaidi, maji moto yatamwagika tangini kila jiko likipata moto, na kuingiza oksijeni mpya kwenye saketi uliyotaka itulie.

Rekebisha boya ili maji baridi yasizidi kina cha sentimeta 10. Nafasi inayobaki ni ya maji yanayovimba kwa joto. Weka mfuniko wenye tundu la kupitisha bomba la hewa, maana mdomo ulioachwa wazi darini nyigu huujengea kiota cha udongo, na hapo umebaki na valvu ya usalama peke yake.

Bomba la hewa na la kujazia yasiwe na koki. Bomba la maji mapya linaloingia kwenye boya ndilo pekee linaloruhusiwa.

## Hatua ya 7: Upande wa bafu

Maji baridi yanatoka kwenye simtanki kwa bomba la robo tatu na kuingia chini ya tangi. Geti valvu inaruhusiwa hapa, pamoja na koki ya pili ya kumwagia. Kitako cha simtanki kiwe angalau mita 1 juu ya bomba la mvua la bafuni. Kila mita inakupa bar 0.1 tu, kwa hiyo ukiweza mita 2, usijinyime.

Bomba la maji moto linatoka kileleni mwa tangi. Lipeleke mlalo, likipanda kidogo, kwa sentimeta 45 kabla ya kugeuka kwenda juu kuwa bomba la hewa. Likipanda moja kwa moja kutoka kileleni, maji moto yatazunguka ndani ya bomba hilohilo usiku kucha na kupoza tangi. Urefu wake juu ya simtanki unahesabiwa kwa kanuni ileile, nalo halina koki. Tawi la kwenda bafuni lianzie baada ya hizo sentimeta 45.

Mita ya kwanza ya kila bomba linalogusa tangi iwe ya GI, na bomba la hewa lote pia. Baada ya hapo PPR inafaa.

Weka valvu ya kuchanganyia kabla ya bafu na uipange nyuzi 43 hadi 45. Tangi la kuni linaweza kupita nyuzi 80 siku za kupika sana, na maji ya nyuzi 60 humuunguza mtoto kwa sekunde chache. Usikwepe hatari hiyo kwa kuweka tangi baridi. Chini ya nyuzi 60 bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu, hupata nafasi ya kuishi humo.

Maji baridi ya valvu hiyo yatoke kwenye simtanki ileile. Ukiyachukua kwenye bomba la mtaani, presha yake itayasukuma maji moto yarudi nyuma, na bafuni utapata baridi tupu.

## Hatua ya 8: Jaza na toa hewa

Jaza upande wa bafu kwanza: fungua bomba zote za moto, acha simtanki ijaze tangi taratibu, funga kila bomba likiacha kutema hewa.

Saketi ya jiko ijazwe kutoka chini. Vua boya la tangi dogo, unganisha mpira kwenye koki ya chini kabisa na upandishe maji polepole. Maji yanayopanda hutanguliza hewa mbele yake na kuitoa kwenye bomba la hewa; yakishuka kutoka juu huizingira ikabaki kwenye koili. Maji yakionekana ndani ya tangi dogo, funga koki na urudishe boya.

Kama unapata dawa ya kuzuia kutu ya mifumo ya maji moto, itie kwenye tangi dogo kwa kipimo cha kopo. Usipoipata, acha maji yalivyo. Yatageuka meusi na hakuna shida. Usitie kamwe maji ya rejeta ya gari. Mengi yana ethilini glikoli, ambayo ni sumu, na kati yake na maji ya kuoga kuna ukuta wa koili tu.

Ukifaulu: usawa wa tangi dogo haushuki usiku kucha, na karatasi kavu ukiipitisha kwenye kila kiungo inabaki kavu.

## Hatua ya 9: Moto wa kwanza

Washa moto mdogo wa vijiti. Funga kipimajoto kimoja kwenye bomba la kupanda na kingine kwenye la kurudi, vyote karibu na boila. Ndani ya robo saa bomba la kupanda linapaswa kuwa la moto. La kurudi litachelewa, kisha litaanza kupata uvuguvugu. Tangi linashika joto kutoka juu kwenda chini.

Moto ukikolea, tofauti ya nyuzi 15 hadi 25 kati ya vipimajoto ni nzuri. Ikipita 35, maji yanazunguka kwa shida, hivyo rudi hatua ya 5. Acha moto ufe, jiko lipoe, kaza tena viungo vilivyotoa jasho, kisha washa mara ya pili kwa kuni za kawaida.

Sufi ya kioo ifungwe baada ya moto wa pili, si kabla, maana uvujaji hujificha chini yake. Funika tangi lote na mabomba yote mawili ya jiko. Kila kilowati inayopotea darini ni kuni uliyoibeba kichwani.

## Dalili na maana zake

Bomba la kupanda linaunguza, la kurudi ni baridi baada ya saa nzima. Kuna hewa. Pitisha mkono juu ya bomba la kupanda ukitumia kitambaa. Pale joto linapokatika ghafla ndipo hewa ilipo. Jaza tena kutoka chini. Ikirudi mahali palepale, mteremko wa hapo una kasoro.

Mabomba yote mawili yana moto, tangi ni vuguvugu. Koili ni ndogo, au jiko linashindwa na ukubwa wa tangi. Rudia hesabu ya hatua ya 1.

Mgongano ndani ya boila. Maji yanachemka sehemu sehemu kabla hayajaondoka. Chanzo huwa ni chokaa au tope ndani ya boila, au bomba lililobanwa mahali. Maji ya mvua hayaleti chokaa, ila hula chuma haraka zaidi.

Tangi dogo linafurika ingawa boya limefunga sawasawa na jiko ni baridi. Koili imetoboka. Acha kuwasha jiko mpaka ibadilishwe.

Lami nyeusi inayonata kwenye uso wa boila. Kuni mbichi. Boila hupoza moshi, na moshi wa kuni zenye maji huganda hapo. Tumia kuni zilizokaushwa mpaka unyevu uwe chini ya asilimia 20, na uwashe moto mkali kwa muda mfupi kila siku kuliko kuacha kuni zikifuka kutwa.

## Matunzo

Kwangua masizi ya boila kila wiki. Kila baada ya miezi 3 inua kishikio cha valvu ya usalama uone kama inatema maji na kufunga tena, na chungulia mdomo wa bomba la hewa. Fimbo ya magnesi ichomolewe mara moja kwa mwaka. Ikibaki waya wa katikati tu, weka mpya.

## Maji yakianza kuchemka

Hutokea siku ya sherehe au msiba, jiko likiwaka kutoka alfajiri. Fungua bomba la maji moto bafuni ili maji baridi yaingie tangini na kunyonya joto. Funga tundu la hewa la jiko. Toa magogo kwa koleo uyaweke kwenye ndoo ya chuma nje ya nyumba. Usimwage maji ndani ya chumba cha moto, kwa sababu chuma cha kusubu hupasuka, na usifunge koki yoyote ya mfumo.

Kama tangi dogo ni tupu na boila inatoa sauti kavu, usijaze chochote. Toa moto, watoe watu jikoni, acha jiko hadi kesho yake. Likishapoa kabisa ndipo utafute maji yaliishaje: boya lililokwama, maji ya mtaani yaliyokatika, au koki ya kwenye boya aliyoifunga mtu.